Herufi S iliyopotea masika: kisa cha askari mstaafu wa Tanga mwenye kipandikizi cha koklea

Aliyelalamika alikuwa mke wa mzee. Mumewe alipewa dawa ya maumivu ya goti dirishani, na mfamasia akamwambia, "Mzee, hii usinywe kabla ya kula." Mzee akaitikia "naam", akarudi nyumbani Ngamiani, akaimeza alfajiri tatu mfululizo tumbo likiwa tupu, mpaka kiungulia kikamlaza. Alipoulizwa alijibu bila kusita kwamba ndivyo alivyoagizwa: "Kasema uinywe kabla ya kula."

Hakusahau wala hakukaidi. Sikio lake lilikuwa limepoteza herufi moja. Toa S kwenye "usinywe", kinachobaki ni "uinywe", na katazo limegeuka amri. Kiswahili kimeubebesha ukanushi wake mwingi kwenye herufi hiyo: usile na uile, usifunge na uifunge, usiache na uiache. Na S ndiyo sauti dhaifu kuliko nyingi tulizonazo. Haina mtetemo wa kooni, ni pumzi inayopita kwenye meno, na nguvu yake kubwa iko kuanzia 4000 Hz (mitetemo kwa sekunde) kwenda juu. Hapo hapo ndipo milipuko inapoumiza sikio kwanza, na hapo hapo ndipo prosesa iliyochafuka, yaani kile kifaa cha nyuma ya sikio kinachopokea sauti, inapoanza kushindwa.

Mzee huyu ni wa mfano. Ameundwa kutokana na matatizo yanayojirudia kwa wazee wa ukanda wa pwani wanaotumia kipandikizi cha koklea, yaani elektrodi zilizopandikizwa ndani ya sikio ili zipeleke sauti kwa umeme kwenye mshipa wa kusikia, na tarakimu zake zimepangwa ili njia nzima ionekane, tangu kuchaguliwa kwake hadi kurudishiwa, mwezi wa tano tangu kifaa kuwashwa, usikivu aliopoteza. Maandishi haya ni kwa wataalamu wa usikivu na wauguzi wa kliniki za masikio, na pia kwa yule wa nyumbani ambaye kazi ya kubadili betri imemwangukia.

Sikio lililotoka vitani

Alizaliwa 1957, akaingia jeshini akiwa kijana, na katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, alikuwa kikosi cha mizinga. Mlipuko unaliharibu sikio kwa njia mbili. Shinikizo la hewa linaweza kuipasua ngoma ya sikio papo hapo, na hilo linaonekana. Uharibifu mwingine hauonekani: ndani ya koklea, kiungo cha ndani ya sikio kinachogeuza sauti kuwa ishara, seli zenye vinyweleo zinavunjika, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Seli za sauti nyembamba ziko karibu na mlango wa koklea, nazo hutangulia kufa. Kwa hiyo audiogramu ya askari, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, huanza na bonde karibu na 4000 Hz, kisha miaka ikiongezeka bonde linakuwa mteremko mzima.

Sikio lake la kushoto lilikuwa bovu zaidi. Hiyo ni kawaida kwa aliyefunzwa kuweka bunduki bega la kulia: sikio la kushoto linaelekea mdomo wa bunduki, la kulia linakingwa na kichwa chenyewe. Ngoma ya kushoto ilipasuka vitani, ikawa inatoa usaha kwa vipindi kwa miaka mingi, na baadaye ikazibwa kwa upasuaji. Historia iliulizwa pia kuhusu dawa, na hapa watu wengi hupita haraka mno. Alishawahi kuchomwa sindano za streptomaisini kwa ajili ya kifua kikuu. Dawa za jamii hiyo huua seli zile zile za sauti nyembamba, na kelele na dawa zikikutana kwenye sikio moja madhara yanajumlishana. Kwa mstaafu usiulize tu "ulikuwa karibu na bunduki?" Uliza sindano, uliza kwinini, uliza kazi aliyofanya baada ya jeshi. Wapo waliotoka kwenye mizinga wakaenda kwenye mashine za kukamua mkonge, na huko nako hapakuwa na vizibo vya masikio.

Kumpima mtu anayejibu "salama"

Salamu za Kiswahili humficha kiziwi. Mzee anajua kwamba baada ya shikamoo ni marahaba, baada ya habari za nyumbani ni nzuri, na zamu yake anaijua kwa kuitazama midomo ya mwenzake ikifunga. Anaweza kusalimiana na mtaa mzima bila kusikia hata neno moja. Mstaafu wa jeshi anaongeza jambo lake: amefundishwa kuitikia amri mara moja, na kulalamika anakuona udhaifu. Ukimwuliza "umesikia?", jibu ni "naam".

Njia rahisi ni kuvunja mpangilio wa salamu:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Basi mlilokuja nalo lilikuwa rangi gani?"

"Wazima wote, tunamshukuru Mungu."

Mazungumzo hayo yanachukua sekunde chache na yanaeleza kuliko dodoso la kurasa mbili. Baada ya hapo swali la "umesikia?" lipigwe marufuku kliniki nzima. Linalofaa ni "nirudishie nilivyosema".

Kitu cha pili ni midomo. Kwa anayesoma midomo, baba, mama na papa ni neno moja, kwa sababu P, B na M zinafungwa vilevile. Kwa hiyo maneno ya kupimia yatoke kwenye spika, au msemaji azibe mdomo. Asizibe kwa karatasi wala kiganja, maana vyote viwili hula sauti nyembamba, na ukifanya hivyo umemnyima mgonjwa S ile ile unayoitafuta. Kitambaa chepesi kilichovutwa kwenye fremu ya duara ya kutarizia hupitisha sauti vizuri na kuficha midomo kabisa.

Audiogramu ya kulia ilionyesha desibeli 65 kwenye 500 Hz, 80 kwenye 1000, 95 kwenye 2000 na 110 kwenye 4000, wastani wake 87.5. Kushoto ilianza na 85 kwenye 500 Hz, ikafika 110 kwenye 2000, na 4000 hakujibu kabisa. Akiwa na shimesikio (vifaa vya kukuza sauti) zilizorekebishwa vizuri, kwa orodha ya maneno 25 ya silabi mbili yaliyorekodiwa na kupigwa kwa desibeli 60, alipata 5 kwa sikio la kulia, 1 kwa la kushoto, na 6 kwa yote mawili.

Kuna kanuni ya haraka ya kumpeleka mtu kwenye tathmini ya kipandikizi, inayoitwa 60/60: sikio lililo bora lina wastani wa desibeli 60 au zaidi, na anapata asilimia 60 au chini ya hapo kwenye maneno. Uingereza, tangu 2019, wanataka desibeli 80 au zaidi kwenye masafa mawili au zaidi ya yale ya 500 hadi 4000 Hz, masikio yote mawili, pamoja na alama ndogo za usemi akiwa na shimesikio. Mzee huyu anaingia kwa kipimo chochote kati ya hivyo. Kabla ya kusema shimesikio zimeshindwa, hata hivyo, lazima zithibitishwe kwa maikrofoni ndogo ndani ya tundu la sikio. Shimesikio zilizowekwa vibaya zinaweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji ambao hakuuhitaji.

Sikio lipi? La kushoto lilishakauka miezi 14, siti skani ilionyesha koklea iliyo wazi bila mfupa kuota ndani, na alikuwa amelivalisha shimesikio hadi miaka 6 iliyopita, kwa hiyo mshipa wake wa kusikia haukuwa umekaa kimya maisha yake yote. La kulia bado lilikuwa na sauti nzito za kutosha kutumia shimesikio. Likachaguliwa la kushoto, ili kulia kubaki na shimesikio kumsaidie kutambua sauti za watu na mahadhi ya kisomo. Sikio linalotoa usaha lisingekubalika. Kwanza likauke na tundu lizibwe, ndipo elektrodi ziingie, kwa sababu elektrodi ni daraja linaloweza kupitisha vijidudu mpaka ndani. Kwa sababu hiyo hiyo chanjo ya pneumokoka, kijidudu kinachoweza kuleta homa ya uti wa mgongo, hukamilishwa angalau wiki 2 kabla ya upasuaji. Inapotumika ratiba ya chanjo mbili tofauti, wiki 8 zinatakiwa kati yake, na ratiba ya safari ipangwe ikizingatia hilo.

Upasuaji wenyewe ulifanyika Dar es Salaam bila tatizo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa hivi mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, India hasa.

Kuwasha, na miezi mitatu mizuri

Prosesa iliwashwa wiki ya nne. Kifaa chake kina elektrodi 22 ndani ya koklea. Ukinzani wa kila moja ulisomeka kati ya 6 na 11 kΩ, hakuna iliyokatika na hakuna zilizogusana. Kwenye kifaa cha aina hii, elektrodi inayosoma zaidi ya 30 kΩ huhesabiwa imekatika na huzimwa kwenye ramani. Rekodi hii ya siku ya kwanza ihifadhiwe kwa karatasi pia. Bila hiyo, siku kifaa kikisumbua huna cha kulinganisha nacho.

Ramani ni viwango viwili kwa kila elektrodi: cha chini, ambapo sauti inaanza kusikika, na cha juu, ambapo ni kubwa lakini haichoshi. Kwa askari aliyepitia milipuko, cha juu kisifukuziwe siku ya kwanza. Mlango ukipigwa na yeye akashtuka mpaka kiti kikaanguka, ataivua prosesa na hatairudisha. Alipewa programu nne zinazopanda kidogo kidogo, akaambiwa apande moja kila baada ya siku 4 au 5. Siku ile ya kwanza watu wote waliongea kama redio ya jeshi iliyo nje ya masafa. Mwezi wa kwanza alipata maneno 9 kati ya 25 kwa kipandikizi peke yake, wa tatu 14. Vipimo vya chumba cha sauti vilikuwa desibeli 25 hadi 30 kuanzia 250 hadi 6000 Hz, mahali panapotakiwa. Alivaa saa 11 kwa siku. Mvumo wa masikioni uliomsumbua miaka yote ulipungua akiwa ameiwasha.

Masika ikaingia.

Jinsi kosa moja lilivyozaa mengine

Mwezi wa nne tangu kuwashwa ulianza na betri. Prosesa ilitumia betri mbili za zinki za namba 675, aina maalumu ya vipandikizi, ambayo pakiti yake mara nyingi ina herufi P baada ya namba. Mjukuu hakuzipata, akanunua 675 za shimesikio. Ukubwa ni mmoja na volti ni zile zile, lakini ya shimesikio haiwezi kutoa mkondo mkubwa unaotakiwa na koili, kile kidude kinachoshikwa kichwani kwa sumaku na kupeleka ishara ndani. Prosesa inawaka, mzee anasikia, kisha inazima. Ukiipumzisha dakika 10 inawaka tena, na ukiipima betri kwa kipimo cha kawaida inaonekana nzima, kwa hiyo lawama hugeukia prosesa.

Wakati huo huo sumaku ilikuwa inaachia msikitini. Kliniki ya karibu ikaibadilisha kutoka namba 2 kwenda namba 4. Ikashika, lakini ngozi chini yake ikawa nyekundu na kuuma, naye akaanza kuivua mchana.

Mwishoni akalalamika kwamba sauti imefifia. Kliniki hiyo hiyo ikafungua programu na kupandisha kiwango cha juu kwa vizio 12 kwenye elektrodi 8 za sauti nyembamba. Sahani zikaanza kumchoma, honi ya bodaboda ikawa kama kofi, jicho la kushoto likawa linacheza akisikia kishindo, na S haikurudi.

Kila hatua ilikuwa na nia njema na kila moja ilitibu dalili ya iliyotangulia. Kosa la msingi ni mpangilio. Ramani ndicho kitu kinachoharibika mara chache kuliko vyote, na ndicho kilichoguswa kwanza sauti ilipofifia, kwa sababu kompyuta ipo mezani na mkono unaifikia. Sauti ikififia kwa mtu aliyekuwa anaendelea vizuri, anza nje kuelekea ndani: betri, vishikio vya betri, maikrofoni, kebo, koili, ngozi, elektrodi, na ramani iwe ya mwisho.

Hatua kwa hatua, mwezi wa tano

Kumbukumbu ya ndani ya prosesa ilisomwa kabla ya chochote. Saa za kuvaa zilikuwa zimeshuka kutoka 11 hadi 4.5 kwa siku, na koili ilikuwa ikiachia mara 38 kwa siku katika wiki za kabla ya sumaku kubadilishwa. Idadi hiyo iliwashangaza waliokuwepo mpaka mtu akapiga hesabu: sala tano za faradhi ni rakaa 17, na kila rakaa ina sijda mbili, jumla 34. Koili ilikuwa inadondoka karibu kila sijda.

Ikafuata kusikiliza maikrofoni. Prosesa nyingi zina njia ya kuchomeka spika za masikio ili mtu mwenye usikivu wa kawaida asikie kile maikrofoni inachookota. Msaidizi alisema sauti sita za kupimia ziitwazo za Ling, a, u, i, m, sh na s, kutoka mita 1. Kwenye spika za masikio a, u na m zilikuwa safi, i ilikuwa hafifu, sh ilikuwa kama pumzi ya mbali, na s haikuwepo. Hapo tatizo lilishapatikana, na mgonjwa hakuwa ameguswa bado. Kama maikrofoni haiingizi S, prosesa haina S ya kutuma, na kupandisha ramani kunakuza tu vile vinavyopita, yaani vishindo.

Chumba cha sauti kilithibitisha: 35 kwenye 500 Hz, 40 kwenye 1000, 45 kwenye 2000, 60 kwenye 4000, 65 kwenye 6000. Mteremko wa namna hii, unaozidi kwenda sauti nyembamba huku ukinzani wa elektrodi ukiwa haujabadilika, ni alama ya kifuniko cha maikrofoni kilichoziba. Kebo inayokatika ndani haifanyi hivyo. Yenyewe hukata na kurudi, hasa ukiipinda karibu na kichwa cha plagi. Elektrodi iliyokufa hutoa shimo kwenye sehemu moja, haitoi mteremko.

Vifuniko vilipotolewa vilikuwa na utando mweupe wa chumvi ya jasho. Kiwandani wanasema vibadilishwe kila baada ya miezi 3. Kwa mtu anayetembea Tanga mchana, jasho likishuka kutoka chini ya kofia, miezi 3 ni mingi mno. Mwezi mmoja ndio ukomo, na wakati wa masika wiki 3. Vishikio vya betri navyo vilikuwa na kijani cha kutu ya shaba. Vilisafishwa kwa brashi kavu na spiriti ya kusafishia kidogo kwenye pamba, vikaachwa dakika 15. Usikwangue kwa kisu, ukiondoa ile rangi ya juu kutu inarudi ndani ya wiki.

Kisha sehemu moja moja ilibadilishwa na nyingine inayojulikana ni nzima, na sauti za Ling zikarudiwa kila mara. Kebo ilikuwa nzima, koili nzima. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu na utatupa kebo nzima.

Ukinzani ukasomeka 6 hadi 12 kΩ, karibu sawa na mwanzo. Mwitikio wa mshipa wa kusikia uliopimwa kwenye elektrodi tano ulilingana na wa mwezi wa tatu. Kwa hiyo hapakuwa na dalili ya kifaa cha ndani kuharibika, na swali la upasuaji wa marudio likafungwa siku ile ile.

Ramani iliyopandishwa ilihifadhiwa kwanza kama ilivyo, ndipo ya mwezi wa tatu ikarudishwa. Watu husahau kuhifadhi, na ushahidi wa nini kilibadilishwa unapotea. Jicho liliacha kucheza hapo hapo. S ikasikika mita 1, kisha mita 3. Kwa orodha ya maneno 25 alipata 15.

Ngozi ilipewa siku 4 bila koili. Siku hizo alitumia shimesikio ya kulia tu, na nyumba nzima ikaarifiwa. Sumaku ikarudishwa namba 2. Kipimo cha nyumbani ni hiki: ukiivua jioni, wekundu uwe umeisha asubuhi. Ukibaki, sumaku ni kali. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na sumaku inayoibana mchana kutwa inaweza kuitoboa hadi kifaa kionekane, na hapo kinachofuata ni upasuaji.

Kofia, udhu na sijda

Sumaku namba 2 ikirudi, sijda zinarudi pia. Ufumbuzi ulikuwa kwenye kofia. Kofia yake ya kiua ilikuwa imebana, ukingo wake ukipita juu kabisa ya koili. Akiinama kofia inasogea na koili inasogea nayo. Wakati huo huo ukingo ulifunika maikrofoni na kuipangusia jasho. Alishonewa kofia kubwa kidogo, koili ikaingia chini ya kitambaa chote na maikrofoni ikabaki nje nyuma ya sikio. Nywele mahali pa koili hupunguzwa kila wiki 2. Uzi wa usalama uliunganishwa kutoka prosesa hadi kola ya kanzu kwa klipu, kwa hiyo hata ikiachia haifiki sakafuni. Kumbukumbu ya mwezi uliofuata ilionyesha koili kuachia mara 6 kwa siku, sumaku ikiwa ile ile namba 2.

Kwa udhu, prosesa huvuliwa kabla ya maji kufunguliwa na kutiwa kwenye kifuko kikavu mfukoni. Nyuma ya sikio hufutwa kwa kitambaa mpaka pakauke, kisha inavaliwa. Hapo hapo pasipofutwa ndipo chumvi inapoanza.

Usiku prosesa inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, likiwa na silika, yaani chembe za kufyonza unyevu. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba maji. Hukaushwa kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2 mpaka rangi irudi. Betri za zinki zitolewe kabla, kwa sababu ukavu huo unaziua. Mchele usitumike: haufyonzi vya kutosha, na vumbi lake linaingia kwenye vitundu vya maikrofoni. Betri mpya ikibanduliwa kibandiko iachwe wazi dakika 5 kabla ya kuingizwa, hewa iingie. Na isibanduliwe mapema kwa kujiandaa, kwa sababu ikishaanza kupata hewa hairudi nyuma.

Mazoezi kwa lugha yake

Mazoezi mengi yanayokuja na vifaa yametungwa kwa lugha za kigeni, na kuyatafsiri hakusaidii, kwa sababu kila lugha ina mahali pake pa hatari. Kwa Kiswahili orodha ijengwe kwenye jozi zinazogeuza maana. Zilitengenezwa sentensi 20 za usi- na ui-: "mlango usifunge", "mlango uifunge", "chai usimwage", "chai uimwage". Sarufi yake si kamili kwenye baadhi, na ngeli ya mlango ingetaka "uufunge", kwa hiyo zile zilizokosea zilibadilishwa, zote 20 zikawa za nomino za ngeli ya dawa, chai, redio na barua. Zikaongezwa saba na shaba, atakuja na hatakuja. Hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko zote, maana H ya mwanzo ni pumzi tupu.

Mkewe alisoma nyuma ya khanga, dakika 15 asubuhi na 15 jioni, feni ikiwa imezimwa wiki mbili za kwanza kisha imewashwa. Mzee hutakiwa kurudia sentensi nzima, hatakiwi kusema "ndiyo". Mwezi wa tano, kabla ya matengenezo, alipata 9 kati ya 20, yaani sawa na kubahatisha. Wiki 3 baadaye 15.

Vipuri vya mwaka, kwa mtu mmoja

Marekani idara ya serikali inayohudumia maveterani huwapa wanaostahili kipandikizi, prosesa na betri, na huko mvumo wa masikioni na upotevu wa usikivu ni miongoni mwa madai yanayoongoza ya ulemavu uliotokana na utumishi. Anayeendesha programu ya wastaafu Tanga aanze na sanduku la vipuri lililo Tanga, maana Dar es Salaam ni kilometa kama 350, na kebo ya gramu chache haistahili kumpandisha mzee basi siku nzima huku hasikii.

Kwa mtu mmoja kwa mwaka: kebo 2, koili 1 ya akiba, seti 14 za vifuniko vya maikrofoni, silika ya kubadilisha mara mbili. Kama jozi ya betri inadumu siku 2, zinahitajika 365, pamoja na ziada ya 30 kwa zinazoharibika kwa unyevu. Betri za kuchaji zinapunguza hesabu hiyo sana, lakini uwezo wake hushuka mwaka hadi mwaka, na umeme ukikatika usiku mzee anaamka kiziwi. Kwa hiyo awe na jozi 10 za zinki hata akiwa na za kuchaji. Prosesa moja ya akiba kwa kila watu 8 hadi 10 inatosha, ikiwa na ramani ya kila mmoja kwenye faili kliniki.

Mjukuu ndiye aliyepewa mafunzo, kwa kuwa macho ya mzee hayaioni herufi P kwenye pakiti. Alifundishwa mambo manne tu, akayafanya mwenyewe mara tatu mbele ya mtaalamu: kubadili kifuniko, kubadili kebo, kusoma namba ya betri, na kufanya sauti za Ling kila Ijumaa asubuhi kisha kutuma matokeo kwa simu. S ikikosekana Ijumaa mbili, anabadili kifuniko bila kungoja kuambiwa. Mfamasia naye aliombwa jambo moja: kwa mzee huyu, aseme "kula kwanza, halafu dawa".

Miezi 12 tangu kuwashwa, kwa kipandikizi peke yake alipata maneno 17 kati ya 25, na pamoja na shimesikio ya kulia 19. Sentensi za usi- na ui- alipata 18 kati ya 20. Mbili alizokosa zote zilisemwa upande wake wa kulia, zaidi ya mita 3, feni ikizunguka. Barazani sasa anakaa mwisho wa kulia wa benchi, wenzake wote wakiwa upande wake wa kushoto.